Kibao cha Shingoni: Habari za Wawelisi na Lugha Yao

Leo tunataka kuwasimulia habari za taifa dogo linalokaa ubavuni mwa taifa kubwa. Mataifa hayo mawili yamekuwa chini ya serikali moja kwa karne nyingi, na katika muda huo lile dogo limejitahidi lisipotewe na lugha yake. Twasema habari za Wawelisi, watu wa Wales, nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Huenda mtu akauliza, "Ya Wales yatuhusu nini sisi?" Twamwomba astahimili kidogo. Kabla hatujamaliza ataona kwamba kibao walichovikwa watoto wa Wales kimepata kuvikwa watoto wa huku kwetu pia.

Nchi ya Wales si kubwa. Eneo lake ni kama maili za mraba 8,000, na watu waliohesabiwa mwaka wa 2021 walikuwa milioni 3 na laki moja, na jirani zao Waingereza walizidi milioni 56. Ni nchi ya milima na malisho ya kondoo, na chini ya ardhi yake palichimbwa makaa ya mawe mengi. Jina la Wales latoka katika lugha ya kale ya Waingereza, na asili ya maana yake ni "wageni". Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja, na lugha yao huiita Cymraeg. Basi ajabu ndiyo hii, kwamba wenyeji waliitwa wageni na jirani aliyefika kisiwani baada yao. Tena mtu asidhani kwamba Kiwelisi ni namna ya Kiingereza kilichoharibika. Ni lugha nyingine kabisa, ya kale sana, na mtu ajuaye Kiingereza tu hawezi kuelewa hata sentensi moja ya Kiwelisi.

Mwaka wa 1282 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipigana na Wawelisi, na mtawala wao, Llywelyn, akauawa. Tangu hapo nchi ilikuwa mkononi mwa Waingereza, lakini watu waliendelea kusema lugha yao. Ndipo mwaka wa 1536, zamani za Mfalme Henry wa Nane, ilipotolewa sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza. Na mfalme huyo hakuwa mgeni kabisa kwa Wawelisi, maana ukoo wake ulitoka kwao, na baba yake alizaliwa katika ngome ya Pembroke, huko huko Wales.

Sheria ile ilitoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mkono wa pili. Iliwapa Wawelisi haki zile zile walizokuwa nazo Waingereza, na kuwapa viti katika Bunge. Lakini ilisema pia kwamba kesi zote zisikilizwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu asemaye Kiwelisi asipate cheo cho chote cha serikali isipokuwa atumie Kiingereza. Wakati ule walio wengi katika Wales hawakujua lugha ila ya kwao. Basi mkulima aliyeshitakiwa alisimama mbele ya hakimu katika nchi aliyozaliwa, akahukumiwa kwa maneno asiyoyaelewa, na kutegemea kinywa cha mkalimani. Aliambiwa kwamba yu sawa na Mwingereza mbele ya sheria, lakini usawa huo ulimtaka kwanza auache ulimi wake mlangoni.

Kilichoiokoa lugha katika miaka ile kilikuwa kitabu. Mwaka wa 1563 Bunge liliamuru Biblia ifasiriwe kwa Kiwelisi, maana serikali ilitaka watu waifuate dini mpya ya ufalme, nao wasingeweza kuifuata kwa lugha wasiyoijua. Agano Jipya likatoka mwaka wa 1567, na Biblia nzima mwaka wa 1588, kazi ya padre mmoja aliyeitwa William Morgan. Kwa hiyo lugha iliyofukuzwa mahakamani ilisomwa kwa sauti kila Jumapili kanisani, tena kwa Kiwelisi safi chenye heshima.

Baadaye akatokea padre mwingine, Griffith Jones wa Llanddowror, ambaye tangu miaka ya 1730 alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alikaa mahali pamoja miezi mitatu hivi, akawafundisha watoto na watu wazima kusoma kwa lugha yao, kisha akahamia kijiji kingine. Yakadiriwa kwamba hata alipokufa mwaka wa 1761 watu zaidi ya laki mbili walikuwa wamefundishwa kusoma katika shule hizo. Sababu ya kufanikiwa kwake yafaa ikumbukwe na kila mwalimu: mwanafunzi hakuhitaji kwanza kujifunza lugha ngeni, bali alianza na maneno aliyokwisha kuyajua, akajifunza herufi tu.

Katika mwaka wa 1800 msichana mmoja maskini, Mary Jones, wa umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, alitembea kama maili 25 kwa miguu mitupu mpaka mji mdogo wa Bala, ili anunue Biblia ya Kiwelisi kwa fedha alizoziweka akiba kwa miaka sita. Mhubiri aliyemwuzia, Thomas Charles, aliona uchache wa vitabu, akaenda kuwaeleza wenzake, na mwaka wa 1804 kikaundwa huko London Chama cha Biblia. Chama hicho ndicho kilichochapa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka wa 1891. Basi sisi wasomaji wa Kiswahili tuna deni dogo kwa binti yule wa Wales, ingawa wengi wetu hatukulijua.

Sasa twafika kwenye habari za kibao. Mwaka wa 1846 serikali iliwatuma wanasheria watatu kwenda kuchungua shule za Wales. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi. Taarifa yao ilichapwa katika vitabu vitatu vyenye majalada ya buluu. Mengi waliyoyaandika yalikuwa kweli, kwa maana shule zilikuwa duni na walimu wengi hawakufundishwa kazi yao. Lakini hawakuishia hapo. Walisema kwamba lugha ya Kiwelisi yenyewe ni kizuizi cha maendeleo na cha tabia njema, na wakaandika maneno ya kuwaaibisha wanawake wa nchi ile. Wawelisi walikasirika sana, na mpaka leo huita jambo lile Usaliti wa Vitabu vya Buluu.

Walakini ghadhabu ni jambo moja, na aibu ni jambo la pili. Watu wakikasirika huku wanaaibika, mara nyingi ile aibu ndiyo idumuyo. Katika shule nyingi kulikuwa na desturi, iliyoanza kabla ya 1847 na kuendelea miaka mingi baadaye, ya kumvika mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi kipande cha ubao chenye herufi W.N. Alikivaa shingoni mpaka alipomsikia mwenzake akisema Kiwelisi, naye akampa. Mtoto aliyekutwa nacho mwisho wa siku alipigwa. Hakuna sheria ya serikali iliyoamuru jambo hili. Lilifanywa na walimu, na wengi wao walikuwa Wawelisi wenyewe. Tena wazazi waliridhia, kwa sababu waliona kwamba kazi na mishahara hupatikana kwa Kiingereza. Na tangu mwaka wa 1862 serikali ilipoanza kuzipa shule fedha kwa kadiri watoto walivyofaulu katika mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu, mwalimu aliyefundisha Kiwelisi hakuona faida yo yote mfukoni mwake.

Kati ya watoto waliovikwa kibao hicho alikuwamo Owen Edwards, aliyezaliwa mwaka wa 1858 katika kijiji cha Llanuwchllyn, karibu na mji ule ule wa Bala. Alipokuwa mtu mzima aliandika katika kitabu chake jinsi kibao kilivyokuwa shingoni mwake siku baada ya siku, maana hakujua lugha nyingine. Angeweza kukiondoa kwa kuwavizia wenzake, lakini hakukubali kufanya hivyo. Alisoma sana, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford, akaanzisha gazeti la watoto kwa Kiwelisi mwaka wa 1892, na mwaka wa 1907 akawekwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa shule za Wales. Mtoto aliyepigwa kwa ajili ya lugha yake akawa ndiye mwenye kuwakagua walimu, akawahimiza waifundishe lugha hiyo.

Lakini gogo lilikuwa limekwisha kuanza kubanduliwa, na wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Waingereza wengi walihamia Wales kufanya kazi katika migodi ya makaa, na vijana wa Wales wakatoka kwenda miji ya Uingereza. Magazeti, sinema, na hata redio, vilikuja kwa Kiingereza. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1891 waliosema Kiwelisi walizidi nusu ya watu wote. Mwaka wa 1951 hawakufika hata 30 katika kila mia.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939, watoto wengi walihamishwa kutoka miji ya Uingereza ili waepukane na mabomu, na baadhi yao wakaletwa Aberystwyth, katika Wales. Mwana wa Owen Edwards, jina lake Ifan, aliona kwamba shule za mji ule zitajaa Kiingereza kitupu. Basi mwaka ule ule akafungua shule ndogo iliyofundisha kila somo kwa Kiwelisi. Wanafunzi walikuwa saba, na mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana, Norah Isaac. Wengi waliwahurumia watoto wale, wakidhani kwamba watabaki nyuma. Hawakubaki nyuma, na Kiingereza walikijua vile vile. Mwaka wa 1947 shule ya kwanza ya serikali ya namna hiyo ikafunguliwa huko Llanelli.

Katika mahakama mambo yalikwenda polepole zaidi. Ilikuwa mwaka wa 1942 ndipo Bunge lilipofuta neno lile la 1536 na kumruhusu mtu kusema Kiwelisi mbele ya hakimu, nayo ilikuwa ruhusa yenye mipaka. Hesabuni wenyewe: tangu 1536 hata 1942 ni miaka 406.

Karibu na Llanelli, katika kijiji cha Llangennech, walikaa mchimba makaa mmoja na mkewe, Trefor na Eileen Beasley. Mwaka wa 1952 walipoletewa hati ya kodi ya nyumba kwa Kiingereza tu, walijibu kwamba watalipa watakapoletewa hati iliyoandikwa kwa lugha yao. Walipelekwa mahakamani zaidi ya mara kumi. Madalali wa mahakama walikuja wakachukua vyombo vya nyumbani. Hawakumtukana mtu wala hawakuvunja kitu, walingoja tu. Mwaka wa 1960 wakaletewa hati yenye lugha zote mbili, wakalipa. Wako waliosema kwamba hati ya kodi ni jambo dogo la kumpotezea mtu samani zake. Lakini haki kubwa mara nyingi hukaa katika karatasi ndogo kama hizo, ambazo mtu wa kijijini huzishika mkononi kila mwaka.

Wakati wao walipokuwa wakingoja hati yao, mji wa Liverpool wa Uingereza ulitaka maji zaidi, ukalichagua bonde la Tryweryn, si mbali na Bala, litiwe bwawa. Katika bonde hilo kilikuwamo kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake walisema Kiwelisi. Sheria ilipitishwa Bungeni mwaka wa 1957, na hakuna hata Mbunge mmoja wa Wales aliyeipigia kura ya kuikubali. Walikuwa na haki ya kupiga kura sawa na wenzao, lakini walikuwa 36 tu kati ya Wabunge zaidi ya 600. Mwaka wa 1965 kijiji, shule, kanisa na makaburi vikafunikwa na maji. Mwaka wa 2005 baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi. Hapa twaona kwamba kura peke yake haimtoshi aliye mchache. Yafaa yawepo mambo ambayo walio wengi hawaruhusiwi kuyatwaa, hata wakiwa wengi namna gani.

Tarehe 13 Februari, 1962, mwandishi mmoja mzee, Saunders Lewis, alitoa mazungumzo katika redio, kama tufanyavyo sisi sasa. Alisema kwamba mambo yakiendelea vivyo hivyo, Kiwelisi kitakoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Aliwataja wale mume na mke wa Llangennech, akawataka watu wafuate mfano wao. Vijana waliomsikia wakaunda chama mwaka ule ule. Walikaa barabarani, wakapaka rangi vibao vya njia vilivyoandikwa kwa Kiingereza tu, na wengi wakafungwa gerezani. Ndipo sheria zikaanza kuja: ya 1967, iliyompa kila mtu ruhusa ya kusema Kiwelisi mahakamani; ya 1993, iliyoamuru ofisi za serikali katika Wales kuzitendea lugha mbili kwa usawa; na ya 2011, iliyokifanya Kiwelisi kuwa lugha rasmi ya nchi. Mwaka wa 1982 kikafunguliwa kituo cha televisheni cha Kiwelisi, baada ya kiongozi mmoja, Gwynfor Evans, kutangaza kwamba atafunga kula mpaka afe kama serikali haitatimiza ahadi yake. Mkuu wa kwanza wa kituo hicho alikuwa mmoja wa wale wanafunzi saba wa Aberystwyth, mwana wa Ifan, mjukuu wa yule mtoto wa kibao.

Je, wameshinda? Yatupasa kusema kweli. Katika hesabu ya mwaka wa 2021 waliosema Kiwelisi walikuwa kama 538,000, yaani 18 katika kila mia, na hesabu hiyo ilipungua kuliko ile ya miaka kumi kabla yake. Lugha haikufa kama alivyoogopa yule mzee, lakini haijapona. Sheria yaweza kufungua mlango wa mahakama na wa shule, lakini haiwezi kuingia jikoni jioni na kumwamuru mama aseme na mwanawe kwa lugha gani. Pia wako Wawelisi wengi sana wasiojua Kiwelisi, nao ni wenyeji vile vile, wasitendewe kama wageni. Haki ya mchache hailindwi kwa kumvika mwenzake kibao kipya.

Na sasa turudi kwetu kama tulivyoahidi. Sisi tunaosema maneno haya tulisoma katika shule moja ambayo hatutaitaja jina. Huko nako kulikuwa na kibao chenye kamba. Aliyesema lugha ya kwao alivikwa, akakivaa mpaka alipomkamata mwenzake. Tulikivaa mara nyingi. Lakini hatukuwa kama Owen Edwards. Siku moja tulijificha nyuma ya jiko la shule mpaka tukamsikia rafiki yetu akimwita mdogo wake kwa lugha ya nyumbani, tukatoka mbio tukamvika. Alipigwa jioni. Hakutuuliza neno, wala urafiki ule haukurudi.

Tulipokuwa walimu vijana tulikitumia kibao kile kile kwa ajili ya Kiswahili, tukiamini kwamba twawasaidia watoto. Mtoto mmoja wa darasa la pili alivikwa siku tatu, kisha akanyamaza. Muhula mzima hakusema kwa lugha yo yote, nasi tukaandika katika daftari kwamba ni mzito wa akili. Wakati wa likizo tulipita kijijini kwao, tukamkuta ameketi mbele ya moto akisimulia hadithi kwa lugha ya kwao, na watu wazima wamenyamaza wakimsikiliza. Usiku ule tulijua ni nani aliyekuwa mzito. Tuliporudi shuleni tukakitia kibao motoni.

Kiswahili twakipenda, na twakifundisha kwa moyo wote, kwa maana kimetuunganisha watu wa makabila mengi. Lakini katika Tanzania peke yake mna lugha zaidi ya 100, na kwa yule anayesema mojawapo ya zile ndogo, sisi tusemao Kiswahili ndio taifa kubwa la jirani. Mapatano ya mataifa ya mwaka wa 1966 yalisema kwamba watu walio wachache wasinyimwe haki ya kufuata mila zao, kushika dini yao na kutumia lugha yao wakiwa pamoja na wenzao. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 nayo imeandika kwamba kila mtu ana haki ya kutumia lugha anayoipenda. Hayo ni maneno mema, lakini tumeona katika habari za Wales kwamba kibao hakikuamriwa na sheria, wala sheria peke yake haitakiondoa.

Basi ninyi wazazi, semeni na watoto wenu kwa lugha yenu bila haya, nao watajifunza Kiswahili na Kiingereza juu ya msingi huo. Ninyi wanafunzi, chukueni daftari, mwende kwa babu na bibi mkaandike hadithi, majina ya miti na majina ya mito kabla wazee hawajaondoka. Na ninyi walimu wenzetu, mkimkuta mtoto amenyamaza darasani, ulizeni kwanza ni lugha gani anayosema nyumbani. Huenda akawa na mengi ya kusema.